Unauza nyumba? Usianze na rangi!

Leo naongelea kitu ambacho vijana wengi tunakiona ni cha wazee, mpaka siku mama anakwambia, "Mwanangu, wewe ndiyo unashinda nyumbani, wateja wakija waonyeshe nyumba."

Mimi yalinikuta mwaka 2018, Tabata. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama akaamua kuuza nyumba ajenge ndogo Chanika, na hela itakayobaki imsomeshe mdogo wangu. Hapo hakuna nyumba ya pili ya kujaribia.

Dalali kaja, kazunguka, kasema: "Dogo, piga rangi tu, hii inaondoka." Sasa ukuta wa sebuleni uliopakana na bafu ulikuwa unatoa chumvi, plasta inamung'unyuka kama biskuti. Nikakwangua juu juu, nikapiga rangi ya mafuta mara mbili. Ukang'aa balaa!

Wiki ya tatu akaja mzee mmoja na fundi wake. Fundi hakuhangaika na kingine, akaenda moja kwa moja kwenye ule ukuta. Rangi ilishaanza kutoa malengelenge. Akabonyeza na ufunguo, maji yakatoka. Mzee akaniuliza taratibu tu, "Kijana, na mengine mmeyafunika wapi?" Sikuwa na jibu. Hakurudi tena.

Ndiyo nikaelewa: mnunuzi akikuta umeficha kimoja, anahesabu umeficha kumi, na bei anaishusha kwa hayo kumi. Kama hajaondoka kabisa. Basi utaratibu niliojifunza ni huu:

1. Makaratasi kwanza. Kama mwenye nyumba amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa kwa vile ni mkubwa. Na kama ni nyumba ya mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze bila ridhaa ya mwenzake. Weka kwenye faili kopi ya hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano mliopitishia serikali ya mtaa, pamoja na risiti za kodi ya ardhi kama kiwanja kimepimwa, na bili ya maji. Kopi jamani! Hati halisi usimwachie dalali.

2. Tafuta maji yanatoka wapi. Ile chumvi inaletwa na maji yanayopita ndani ya ukuta. Yakikauka usoni yanaiacha pale. Yanaweza kupanda kutoka ardhini au kutoka kwenye bomba bovu. Ukipiga rangi ya mafuta juu yake unayafungia, nayo yanaisukuma mpaka itoke. Kipimo rahisi: usiku funga koki zote, soma mita ya maji, isome tena asubuhi. Ikiwa imetembea, kuna mahali panavuja. Kwetu ilikuwa kiungo cha bomba la bafuni. Tulikibadilisha, tukabandua plasta mbovu, tukaacha ukuta ukauke wiki kadhaa, ndiyo tukapiga plasta na rangi ya maji.

3. Harufu. Ya nyumba yako huisikii, umeshaizoea. Mwite mshkaji wako aingie chooni na jikoni akwambie ukweli. Shimo likijaa, ita gari la majitaka kabla mteja hajaja.

4. Punguza vitu. Chumba chenye makochi mawili ya ziada na masanduku ya bibi kinaonekana kidogo. Hamisha. Badilisha balbu zilizoungua, rekebisha vitasa, fagia uwanja, fungua mapazia. Kama mna wapangaji, waambieni mapema, wasishtukie watu mlangoni.

5. Usimwage hela kwenye urembo. Tailizi mpya na geti la maua mnunuzi anaweza kuvibomoa kesho, kila mtu na ladha yake. Hela ndogo iende kwenye kinachovuja na kisichofunga.

Mteja aliyenunua nilimpeleka mwenyewe kwenye ule ukuta kabla hajauliza, nikamwonyesha na picha za bomba la zamani. Akaguna, akaomba punguzo kidogo, mama akakubali. Wakasainiana mbele ya mwanasheria, hela ikapita benki.

Lakini tangu siku ya yule mzee ilikuwa imepita miezi mitano, na muhula mmoja dogo alikaa nyumbani kwa kukosa ada. Ile rangi ya mafuta siyo kwamba iligharimu bei ya kopo tu wadau.

Ni hayo tu. Mliowahi kuuza au kununua, ongezeni nyama hapo chini. Nawasilisha.