Mhunzi Bila Cheo: Michezo ya Kompyuta Isiyo na Fani

Tuchukue mfano wa mchezo wa kompyuta kuhusu ufalme wa kale wa Karagwe, ulioenea katika wilaya za leo za Karagwe na Kyerwa, ukasifika kwa ng'ombe na kazi ya chuma. Je, mchezaji apewe fani tangu mwanzo, awe mhunzi, mfugaji au mkulima? Au aanze bila fani yoyote?

Utaratibu wa fani ulienezwa na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974. Ulikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka 1978 RuneQuest uliziacha. Humo ustadi hukua kwa kutumiwa. Katika kompyuta, Skyrim (2011) uliziondoa fani zilizokuwamo katika mchezo ulioutangulia.

Wapo wanaohofu kwamba pasipo fani kila mchezaji atajua yote, wala hatamhitaji jirani. Hesabu yaweza kuizuia hali hiyo. Tuseme daraja la kwanza la ustadi hudai siku 2, la pili 4, la tatu 8, na la nne 16. Jumla ni siku 30. Kwa siku hizohizo, mchezaji aweza kufika daraja la nne katika uhunzi peke yake, au daraja la pili katika kazi tano, maana kila moja hudai siku 6.

Hivyo fani hurudi, lakini sasa ni tunda la kazi.

Zoezi: siku zikiwa 60, je, mchezaji aweza kupata madaraja gani?