Akiba Haiozi, Ikiwekwa kwa Adabu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini mkazi wa Kililana, pale bara ya Lamu ambapo shamba na bahari vinapakana, hujua fika kuwa maneno hayo yaliwafaa zaidi wenye nafaka na fedha, kwani nguru aliyevuliwa alfajiri, akiachwa bila kivuli wala barafu, hafiki alasiri ila amekwisha kuharibika.

Wazee waliitatua taabu hiyo kwa chumvi na jua, wakaanika ng'onda na papa ili wasikose kitoweo wakati wa kusi, bahari inapochafuka na mashua zikabaki ufukoni. Siku hizi, katika nyumba zilizofikiwa na umeme, friza imeshika nafasi ya kichanja. Tena mvuvi wa leo hana samaki wa kutupa: bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Kililana tarehe 20 Mei 2021, imegusa maeneo aliyozoea kuvua, na hata kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imewaamulia wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba friza ni mshika amana, si tabibu. Baridi haiviui vijidudu vyote viozeshavyo chakula, bali huvilaza usingizi, navyo huamka barafu inapoyeyuka. Jodari na nguru, wakikaa sana katika joto, hufanya sumu ambayo baridi haiiondoi wala moto wa jikoni hauiangamizi. Kwa hiyo samaki na atiwe barafu tangu chomboni, kisha aparwe, atumbuliwe, atolewe mashavu, aoshwe kwa maji safi na kupanguswa, ndipo afungwe.

Pili, kuganda kuwe kwa haraka. Maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, zenye ncha, ambazo huichana nyama, na siku ya kuyeyuka utomvu wote humwagika na kitoweo kikawa kama pamba. Mmarekani Clarence Birdseye, alipokuwa Labrador katika miaka ya 1910, aliona samaki waliovuliwa na Wainuit katika baridi kali wakiganda papo hapo, nao walipopikwa baada ya miezi walikuwa na ladha ya samaki wabichi. Na juu ya maarifa hayo akajenga biashara yake ya kugandisha vyakula. Nyumbani, tadbiri ni kukata vipande visivyo vinene, kuvitandaza badala ya kuvirundika, na kuhakikisha kwamba baridi ya friza imefika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Tatu, adui mkubwa baada ya kuganda ni hewa, ambayo huikausha nyama ikafanya mabaka meupe, magumu, yasiyo na ladha. Tia vipande katika mfuko mzito wa kuhifadhia chakula, uzamishe polepole katika bakuli la maji huku mdomo ukibaki juu, na maji yenyewe yataisukuma hewa itoke; kisha funga. Samaki mzima aliyekwisha kuganda huweza kuchovywa katika maji ya baridi sana, akavaa ganda jembamba la barafu, ndipo afungwe. Tui na mchuzi hutiwa katika chombo chenye kifuniko bila kujazwa pomoni, kwa sababu maji yakiganda hufutuka kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kila fungu liwe la mlo mmoja, nalo liandikwe tarehe: changu na tewa huhifadhi uzuri wao kwa miezi sita hivi, ilhali jodari na nguru, kwa sababu ya mafuta yao, wasipite mitatu.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa huweza kushika baridi yake kwa siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja. Na wakati wa kuyeyusha, chakula kipumzike ndani ya jokofu usiku kucha, wala kisiachwe mezani katika joto la pwani.

Hivyo basi, siku ya kusi ya mwezi wa Juni, mpishi atakayeutoa mfuko ulioandikwa Machi atapokea kile hasa alichokiweka, kwani mshika amana mwaminifu hapunguzi, wala haongezi.