Nyumba ya Saiprasi: ufunguo unao, hati anayo nani?

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa dada yetu mmoja aliyeko London. Ni muuguzi. Aliondoka Dar es Salaam zaidi ya miaka 20 iliyopita, sasa ana pasipoti ya Uingereza, na baada ya miaka miwili atastaafu. Anasema baridi imemmaliza magoti. Ndani ya barua ameweka karatasi ya tangazo yenye rangi za kupendeza: nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, nyuma yake milima, mbele yake bahari ya buluu. Nyumba hiyo iko katika kisiwa cha Saiprasi, karibu na mji wa Kyrenia, na kwa mujibu wa hesabu zake, bei yake ni karibu nusu ya bei ya nyumba kama hiyo upande wa kusini wa kisiwa hicho hicho. Anauliza hivi: "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa habari. Hebu niambie, bahari ni moja, jua ni moja, kwa nini hii ni rahisi namna hii?"

Kabla sijamjibu, naomba nikiri jambo. Mwaka 2009 nilinunua kiwanja nje kidogo ya jiji hili la Dar es Salaam. Bei ilikuwa nzuri mno. Nikapewa karatasi yenye majina ya mashahidi watatu na muhuri, nikapanda michungwa minne, nikawa natembelea kila Jumapili kama mtu anayetembelea mchumba. Mwaka uliofuata akatokea mzee mmoja mpole, naye ana karatasi kama yangu, ila ya kwake ilikuwa na tarehe ya nyuma. Michungwa ile sasa anaichuma yeye. Tangu siku hiyo, nikisikia neno "rahisi" katika habari ya ardhi, hushika mfuko wangu kwanza.

Sasa twende Saiprasi. Hii ndiyo Kipro inayotajwa katika Biblia, kwao Barnaba. Eneo lake ni kilometa za mraba 9,251. Unguja na Pemba ukiziunganisha hazifiki theluthi yake. Waingereza waliingia huko mwaka 1878 na kisiwa kilipata uhuru mwaka 1960. Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios, ambaye Waingereza waliwahi kumpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956. Wakazi wa Nairobi wanalijua jina lake kwa sababu ya chuo cha makasisi wa Orthodoksi kilichoko Riruta.

Ukoloni huo uliacha mambo ambayo mstaafu wa Kiingereza anayapenda. Magari hupita kushoto, plagi za umeme zina meno matatu, Kiingereza kinasikika madukani, na sheria nyingi zina harufu ya London. Ongeza jua, ambalo mawakala wanalitangaza kuwa ni la siku zaidi ya 300 kwa mwaka, na utaelewa kwa nini watu wanauza nyumba zao za mvua na kuhamia huko.

Lakini karatasi ile ya rangi haisemi lolote juu ya mwaka 1974.

Tarehe 15 Julai mwaka huo, wanajeshi walioungwa mkono na serikali ya kijeshi ya Ugiriki walimpindua Makarios. Siku tano baadaye, tarehe 20 Julai, majeshi ya Uturuki yakateremka ufukoni, karibu na huo huo mji wa Kyrenia. Uturuki ilisema imekuja kuwalinda Waturuki wa kisiwa hicho. Hadi katikati ya Agosti, zaidi ya theluthi moja ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa majeshi hayo. Wagiriki wa kaskazini, watu zaidi ya laki moja na nusu, wakakimbilia kusini. Waturuki wa kusini, makumi ya maelfu, nao wakahamia kaskazini. Wengi walifunga mlango, wakatia ufunguo mfukoni, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Katikati ukapita mstari unaolindwa na Umoja wa Mataifa, na mji mkuu, Nicosia, umegawanyika hadi leo. Mwaka 1983 upande wa kaskazini ulijitangaza kuwa nchi, lakini inayoitambua ni Uturuki peke yake.

Kwa hiyo, dada yangu, swali lako la bei lina jibu. Kaskazini kuna hati za namna mbalimbali. Ipo hati ya ardhi iliyokuwa ya Mturuki tangu kabla ya 1974. Hiyo haina mgogoro mkubwa, nayo bei yake si ya kuchekesha. Ipo hati aliyopewa Mturuki aliyeacha mali yake kusini, akafidiwa kwa shamba au nyumba ya Mgiriki aliyekimbia. Na ipo hati waliyogawiwa watu wengine, wakiwemo wahamiaji kutoka Uturuki bara, juu ya ardhi ambayo pia ilikuwa ya Mgiriki. Karatasi zote zina mihuri. Lakini katika hizo mbili za mwisho, kuna familia mahali fulani yenye hati ya zamani ya kiwanja hicho hicho. Wewe unauziwa nyumba na mgogoro kwa pamoja, na mgogoro huo ndio uliopunguza bei.

Wapo watakaosema mambo ya 1974 ni ya kale. Mahakama hazikuona hivyo. Mama mmoja wa Kyrenia, Titina Loizidou, aliishitaki Uturuki katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1996 mahakama hiyo ilisema kwamba mama huyo bado ni mwenye mali, ingawa hajaikanyaga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1998 ikaamuru alipwe fidia, na mwishoni mwa mwaka 2003 Uturuki ikalipa, zaidi ya euro milioni moja pamoja na riba.

Kesi inayomhusu mnunuzi hasa ni ile ya Apostolides dhidi ya Orams. Mume na mke kutoka Uingereza walinunua kiwanja mwaka 2002 katika kijiji cha Lapithos, si mbali na Kyrenia, wakajenga nyumba na bwawa. Walilipa, na wala hawakumwibia mtu usiku. Kumbe ardhi ile ilikuwa ya familia iliyokimbia mwaka 1974. Aprili 2003 vizuizi vya mpakani vikafunguliwa, watu wakaanza kuvuka kwenda kutazama kwao. Bwana Apostolides naye akavuka, akaiona nyumba mpya juu ya ardhi yao. Mwaka uliofuata akafungua shauri upande wa kusini. Karatasi za mahakama zilipowafikia wale Waingereza, zilikuwa zimeandikwa Kigiriki. Novemba 2004 hukumu ikatolewa bila wao kujitetea: wabomoe nyumba, bwawa na ua, wamrudishie mwenyewe ardhi, na walipe fidia.

Utasema, polisi wa kusini hawavuki kaskazini, sasa nani atabomoa? Hapo ndipo penye utamu kwa mwanasheria na uchungu kwa mstaafu. Saiprasi ilikuwa imeingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004. Apostolides akaichukua hukumu yake hadi Uingereza, ambako wale wanandoa walikuwa na nyumba yao ya nyumbani. Kwanza walishinda. Kisha mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ikasema hukumu ya Nicosia lazima itambuliwe, na Januari 2010 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikafuata hivyo. Yaani nyumba ya jua ilitaka kuondoka na nyumba ya mvua.

Tangu Uingereza ilipoachana kabisa na taratibu za Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020, njia ile haizifungi tena mahakama za Uingereza kwa kesi mpya. Lakini asikudanganye dalali kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2006 Saiprasi ilitunga sheria ya jinai: kuuza au kununua ardhi ya mtu bila ridhaa yake, kifungo chaweza kufika miaka 7. Kwa muda mrefu watu waliiona kama simba wa karatasi. Mwaka 2024 mjenzi mmoja mkubwa wa majumba ya kaskazini alikamatwa alipovuka kuingia kusini, na mwaka 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Na uwanja wa ndege wa Larnaca, ambao wageni wengi huutumia, uko kusini.

Basi nunua kusini, utasema. Ni kweli huko serikali inatambulika, lakini nako kuna mtego wake, nao umewanasa watu wengi ambao hawakuwa na habari yoyote na Waturuki wala Wagiriki.

Mtego wenyewe ni huu. Kampuni ya ujenzi ina shamba kubwa. Inaliweka rehani benki, inapata fedha, inajenga nyumba 20. Wewe unanunua moja, unalipa yote, unapewa ufunguo, unahamia na kupanda maua. Hati yako itatoka baadaye, unaambiwa, shamba likishagawanywa. Miaka inapita, mitano, kumi. Rehani ya benki bado imelala juu ya shamba zima, ikiwemo nyumba yako uliyoilipa. Kampuni ikishindwa kulipa deni, benki inatazama shamba, haitazami maua yako. Benki za Saiprasi zilipoanguka mwaka 2013, hata ikabidi nchi ikopeshwe euro bilioni 10, mambo haya yakafichuka kwa wingi. Mwaka 2015 bunge lao likatunga sheria ya kuwaokoa wanunuzi walionaswa namna hiyo. Sheria kama hiyo haitungwi kwa ajili ya watu wawili watatu.

Wapo pia waliokopa kununua nyumba hizo kwa faranga za Uswisi, kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Januari 2015 faranga ikapanda ghafla, na deni likapanda nalo, wakati pensheni ya mtu ni ya pauni.

Jambo jingine, dada, pasipoti yako. Zamani Mwingereza alinunua huko kama mtu wa Ulaya. Siku hizi anahesabiwa mgeni kama Mtanzania tu: anatakiwa kuomba kibali katika ofisi ya wilaya, na kwa kawaida ni cha nyumba moja. Kibali si kigumu kupatikana, ila kina safari zake.

Basi nimemwandikia hivi. Aachane na ile ya Kyrenia mpaka aone hati ya kabla ya 1974 na ajue ni ya nani. Akitaka kusini, atafute wakili wake mwenyewe. Asimtumie wakili anayeletwa na kampuni pamoja na chai na gari la bure kutoka uwanja wa ndege. Wakili huyo aende kwa Msajili wa Ardhi, atafute namba ya kiwanja, aone kama kuna rehani. Mkataba ukishatiwa saini usikae kabatini. Sheria ya mwaka 2011 inampa mnunuzi miezi 6 kuupeleka kwa Msajili, na ukishapokelewa, muuzaji hawezi kumuuzia mwingine kwa siri. Ningekuwa na Msajili wa namna hiyo mwaka 2009, leo ningekuwa nakula machungwa. Ila kupeleka mkataba hakufuti rehani iliyotangulia. Hiyo benki lazima iandike kwamba itaiachia nyumba yake.

Nikamwongezea na la hali ya hewa, maana na jua nalo lina bei. Nicosia wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Mwaka 2008 ukame ulizidi hata maji yakaletwa kwa meli kutoka Ugiriki. Bwawa la kuogelea kwenye picha ni zuri, lakini aulize linajazwa na nini.

Juzi amenijibu kwa simu. Amemwandikia wakala akiomba vitu viwili tu, namba ya kiwanja na jina la mwenye hati kabla ya 1974. Wakala amemtumia picha nyingine tatu za bahari.