Ukiumia Barabarani: Usiweke Kidole Haraka

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya ajali za barabarani, na hasa yale yanayofuata baada ya kidonda kufungwa.

Hebu fikiria hivi. Umetoka Kipsongo asubuhi, umempakata mtoto, umepanda bodaboda kwenda sokoni Kitale. Matatu inawagonga kutoka nyuma. Mtoto anavunjika mguu, wewe unaumia bega. Siku ya pili, ukiwa bado kitandani, anakuja mtu mwenye maneno matamu. "Pole sana mama. Tuelewane tu kinyumbani. Chukua hii elfu tano ya dawa, uweke kidole hapa."

Mama, usiweke kidole. Karatasi ya namna hiyo mara nyingi husema kwamba umelipwa yote na huna madai tena. Mguu wa mtoto unaweza kuhitaji kupasuliwa tena mwakani, na wakati huo elfu tano imekwisha zamani. Mtu akitaka kukusaidia kununua dawa, na asaidie. Sahihi ni jambo lingine kabisa. Mwambie utaisoma kwanza pamoja na mtu unayemwamini.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo la kwanza ni matibabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hiyo aliyeumia hapaswi kuachwa mlangoni kwa sababu hana pesa mkononi. Na tafadhali usiseme "niko sawa" ukaenda nyumbani. Mtoto aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Kwenda hospitali mapema kunaokoa maisha. Pia kunaacha maandishi ya daktari yanayoonyesha uliumia wapi na siku gani. Aliyejikanda na maji moto nyumbani wiki tatu atapata shida kueleza kwamba maumivu yake yalitokana na ajali ile.

Baada ya hospitali ni polisi. Sheria ya trafiki inamtaka dereva asimame na aripoti ajali yenye majeruhi kabla ya saa 24 kupita. Lakini usimwachie yeye peke yake. Wewe mwenyewe, au jamaa yako, fika kituoni mwandikishe na mpewe namba ya OB. Kisha omba fomu ya P3, ambayo daktari huijaza akieleza majeraha yako. Fomu hiyo haiuzwi na polisi. Baadaye omba abstrakti ya polisi. Hiyo ndiyo karatasi inayoonyesha namba ya gari, mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya bima. Isome kabla ya kuondoka. Jina lako likikosewa herufi mbili tu, au ukiandikwa mpita njia na wewe ulikuwa abiria, litakusumbua mbele ya safari.

Kama kuna mtu ana simu pale kwenye ajali, apige picha ya namba ya gari na ile stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Majina na simu za mashahidi wawili yaandikwe hata kwenye kiganja. Karatasi zako zote, pamoja na risiti za dawa, eksirei na nauli ya kliniki, zitie katika mfuko mmoja wa nailoni, ziwe mbali na mvua na panya. Nyumba zetu tunazijua.

Sasa, nani alipe? Watu wengi hufikiri dereva akipelekwa kortini na kutozwa faini, kesi imekwisha. Sivyo. Faini inaenda Serikalini. Fidia yako ni kesi nyingine, na ni wewe unayepaswa kuidai. Sheria ya Bima ya Magari, sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kuwalipa watu wengine anaowaumiza. Hii si ya abiria wa matatu peke yao. Hata mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara amo. Mnakumbuka tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, lori lilipoacha njia na kuwagonga watu waliokuwa stendi pamoja na wachuuzi, wakafa zaidi ya 50. Mchuuzi aliyegongwa na gari kwenye kibanda chake ana haki ya kudai kama abiria.

Bima hiyo hulipa mpaka shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, sehemu iliyobaki inamhusu mwenye gari. Na kampuni ya bima ikianguka, kama United mwaka 2005 au Blue Shield mwaka 2011, mwenye gari bado anawajibika, ila kumfuata huchukua muda na jasho.

Jua pia kwamba wewe una wajibu wako. Mikanda ya matatu ilikuja kwa nguvu mwaka 2004 kwa zile sheria za Michuki. Ikionekana hukufunga mkanda, au mlipanda watatu nyuma ya bodaboda, mahakama inaweza kukupunguzia fidia. Bodaboda inaruhusiwa kubeba abiria mmoja. Najua hali ya asubuhi, mtoto wa shule na mdogo wake na wewe mwenyewe. Nakuambia tu ilivyo.

Niseme na akina mama wanaokwenda kibarua katika mashamba ya mahindi hapa Trans Nzoia. Ukipanda trekta au lori la mwajiri likupeleke shambani na likapinduka, sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, inaihesabu safari hiyo kuwa ni kazi. Mjulishe mwajiri mara moja mbele ya mashahidi, na madai yako yamfikie kabla ya miezi 12 kwisha. Sheria hiyo inamlinda pia dereva na makanga walioajiriwa. Dereva aliyegongwa na mwenzake mzembe anaweza vilevile kumdai yule aliyekosa. Lakini aliyesababisha ajali mwenyewe hawezi kuidai ile bima ya watu wengine.

Muda ni jambo linalowapoteza wengi. Kesi ya majeraha ya barabarani ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita. Kama gari lilikuwa la Serikali, ni mwaka mmoja tu. Mtoto hafungui kesi mwenyewe, mzazi au mlezi hufungua kwa niaba yake. Usisubiri mpaka akue, maana ucheleweshaji huo unaweza kumfungia mlango. Na kesi ya mtoto ikishakuwa mahakamani, watu wazima hawawezi kupatana kuhusu pesa zake bila mahakama kukubali.

Ikiwa mume amefariki, mama, sikiliza hapa vizuri. Sheria ya ajali za vifo inawataja wanaofidiwa kwa kumpoteza mtegemewa wao: mke au mume, watoto, na wazazi wa marehemu. Shemeji hatajwi. Lakini mara nyingi shemeji ndiye anayeshika cheti cha kifo na kuzunguka ofisini, na mjane anakuja kusikia pesa zilishatoka. Nenda kwa chifu mwenyewe upate barua inayokutaja wewe na watoto wote. Kuwa na cheti cha kifo na risiti za mazishi mkononi, na wewe uwe miongoni mwa wanaoomba mahakama ruhusa ya kusimamia mambo ya marehemu.

Mwisho ni wakili. Kuna madalali wanaozunguka wodini wakikusanya majeruhi kama mahindi. Usimpe dalali karatasi zako. Mtafute wakili ofisini kwake, umpe nakala, nakala halisi ubaki nazo inapowezekana, na mwandikiane juu ya malipo. Makubaliano kwamba atalipwa tu akishinda hayakubaliki katika sheria ya Kenya. Kama huna uwezo, uliza kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au FIDA kwa akina mama. Na ukisikia kampuni ya bima imeshalipa lakini wakili anakuambia "rudi mwezi ujao" kila mwezi, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Tume hiyo ni ya Serikali, na hutozwi pesa kulalamika.

Kama una karatasi za ajali nyumbani, zitoe leo uangalie tarehe.