Mwenye Bunduki Ni Yupi?

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, yapata saa sita na nusu mchana, wanaume wanne wenye bunduki waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Juu, kwenye maegesho ya paa, watoto walikuwa katika mashindano ya mapishi. Chini kulikuwa na Nakumatt, supamaketi yenye nembo ya tembo, na Jumamosi ndiyo siku ya watu kununua mahitaji ya wiki. Watu 67 waliuawa. Al-Shabaab wa Somalia wakatangaza kwamba kazi hiyo ni yao.

Sisi wa Bujumbura tulikuwa na sababu yetu ya kuifuatilia habari hiyo. Wanajeshi wa Burundi walikuwa Somalia wakipigana nao tangu mwisho wa mwaka 2007, na Al-Shabaab walishatutisha. Ukitoka Nyakabiga kwa miguu kwenda Rohero, yule mlinzi anayekukagulia mfuko mlangoni pa alimantasyo kubwa, yaani duka la vyakula, amezaliwa na hofu ya miaka ile. Lakini leo sizungumzii mlango. Nazungumzia wanaokuja mlango ukishavukwa, na swali moja ambalo sisi tunaofundisha mambo ya usalama hulizungusha kwa maneno marefu bila sababu: kati ya watu wote waliomo ndani, mwenye bunduki ni yupi?

Pale Westgate, wengi wa waliofika mapema hawakuwa na sare. Walikuwa askari kanzu, wakazi wa jamii ya Wahindi waliozoea kulinda mitaa yao na wenye leseni za bastola, na raia kama Abdul Haji, mtoto wa waziri wa zamani wa ulinzi, Yusuf Haji, aliyekimbilia huko kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Walipita duka kwa duka bila kamanda wala ramani, wakatoa mamia ya watu. Siupunguzi ujasiri wao hata kidogo. Ila jiweke nafasi ya mama aliyelala chini nyuma ya kaunta: anatokea mwanamume mwenye jinzi, ana bastola mkononi, anamwambia, "Mama, toka." Atoke au anyamaze? Wapo waliokataa kufungua milango, na walikuwa na haki. Polisi wa New York walipotoa uchambuzi wao wa tukio hilo Desemba 2013, jambo mojawapo walilolitaja ni hilo la watu wenye silaha wasio na alama yoyote ya kuwatambulisha. Kizibao kimoja chenye neno POLISI, ambacho bei yake haifiki ya magazini ya risasi, kingebadilisha mengi.

Alasiri, kiasi cha saa kumi, kikosi cha Recce cha GSU kiliingia. Hawa ni polisi waliofunzwa kazi hiyohiyo. Kisha likaingia jeshi. Vikosi viwili ndani ya jengo moja, moshi na vioo vilivyovunjika, na hakuna mtu mmoja ambaye amri yake ingesikika kote. Wanajeshi waliona watu wenye bunduki wasiowatambua, wakafyatua. Kamanda wa Recce akauawa na risasi za wenzake. Polisi wakajiondoa na maiti ya kamanda wao, jeshi nalo likarudi nyuma, na kwa saa kadhaa wauaji wakawa peke yao na majeruhi na waliojificha. Kamera za Nakumatt ziliwanasa wakiwa stoo, wakiswali na kuzungumza kwa simu kama watu wasio na haraka.

Siku nne serikali ilikuwa ikisema kuna washambuliaji 10 hadi 15. Kamera zilionyesha wanne. Hii si tofauti ya makarani. Kamanda anayeamini kuwa maadui ni 15 hatembei kama anayejua kuwa ni wanne. Husubiri vifaru, huleta silaha nzito, na mwishowe sehemu ya jengo huporomoka, kama ilivyoporomoka siku ya tatu. (Waziri wa mambo ya ndani alieleza kuwa moshi uliotoka jengoni ulitokana na magodoro yanayoungua. Wakenya wameyakumbuka magodoro hayo kuliko hotuba zake nyingine zote.) Baadaye kamera zilezile zilionyesha wanajeshi wakitoka supamaketini na mifuko ya plastiki.

Kusubiri huko kuna asili yake: zamani polisi duniani kote walifundishwa kuzingira, kutuliza, na kuzungumza. Somo hilo linamfaa mtu anayeshika mateka ili apewe kitu. Halimfai anayeua mfululizo, kwa sababu huyo hataki kitu. Kila dakika ya mazungumzo ni ya kwake. Shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, ndiyo iliyogeuza mafunzo: kikosi maalumu kilichelewa kuingia, na mwalimu mmoja akavuja damu kwa saa kama tatu hadi akafa. Tangu hapo askari wa kwanza kufika hufundishwa kuingia, hata wakiwa wawili. Kufundishwa na kufanya ni mambo mawili. Uvalde, Texas, Mei 2022, askari 376 walifika shuleni na zilipita dakika 77 kabla ya kumkabili kijana mmoja aliyeua watu 21. Siku kumi tu kabla, katika supamaketi ya Tops mjini Buffalo, mlinzi mmoja mstaafu wa polisi, Aaron Salter, alimpiga muuaji risasi. Fulana ya chuma ya muuaji ikaizuia, naye Salter akauawa. Polisi walifika katika dakika chache na muuaji akajisalimisha. Watu kumi walikuwa wamekwisha kufa. Hata mwitikio mzuri huwakuta wengine wameshaanguka, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu.

Ndiyo maana mnunuzi naye ana kazi yake. Rafu ya supamaketi inakuficha machoni, haizuii risasi: mchele kidogo, biskuti hapana. Mlango wa nyuma, unakopitia mzigo, upo karibu kila duka kubwa na wateja hawaujui; uulizie siku ya amani. Ukikwama, zima mlio wa simu. Mwenzako akipigwa paja, funga kitambaa juu ya jeraha kwa nguvu zako zote, hata akilia, maana mshipa mkubwa humaliza mtu kwa dakika chache. Na askari wakiingia, usiwakimbilie kuwakumbatia. Onyesha viganja vitupu. Wao pia wanauliza swali lile la mwenye bunduki, na jibu wanalitafuta mikononi mwako.

Nyakabiga inalijua swali hilo kwa namna nyingine. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 11 Desemba 2015, watu wenye silaha walishambulia kambi za kijeshi za Ngagara, ISCAM na Mujejuru. Hilo lilikuwa shambulio halisi, na dola yoyote ingejibu. Lakini jibu halikuishia kambini. Lilishuka mitaani, Nyakabiga, Musaga, Jabe na kwingineko, nyumba kwa nyumba. Asubuhi ya Jumamosi watu walifungua milango wakakuta maiti barabarani. Jeshi lilisema waliokufa ni 87, kati yao wanajeshi na polisi wanane, waliobaki wote maadui. Wakazi walisimulia vijana waliotolewa majumbani. Tarehe 15 Januari 2016, Kamishna wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Zeid Ra'ad Al Hussein, alitaja waliouawa kuwa wasiopungua 130, na akazungumzia taarifa za makaburi ya pamoja.

Kitaalamu, makosa ya Westgate na ya Nyakabiga yanakaa pande mbili za kitu kimoja. Nairobi, waliokuja kuokoa hawakutambuana. Hapa kwetu, kijana wa mtaa fulani alishatambuliwa kabla hajaonekana, kwa anwani yake. Kosa la kwanza hurekebishwa kwa vizibao, redio za mawasiliano na kamanda mmoja, na Kenya ilijifunza: hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Januari 2019, polisi waliongoza, watu kama 700 wakatolewa, na ingawa 21 waliuawa, kazi iliisha kwa saa 19 badala ya siku nne. Kosa la pili halina kizibao. Linahitaji hakimu anayeuliza, mtu kwa mtu: huyu alikuwa na silaha gani, nani alimwona nayo, alipigwa akiwa wapi?

Katika msitu wa Karura, Nairobi, mwaka mmoja baada ya Westgate lilizinduliwa bamba lenye majina 67. Mtu aliweza kwenda na kidole chake akatafuta jina la dada yake. Kwa waliolala katika avenyu za Nyakabiga Jumamosi ile, bado tuna 87 na tuna 130, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 43.