Gharama ya Kubadili Tarehe ya Safari ya Ndege

Ada ya kubadili tiketi ni malipo ambayo shirika la ndege humtoza abiria anayetaka kuhamisha safari aliyokwisha kuilipia, iwe ni kusogeza tarehe, kuchagua ndege ya saa nyingine au kupitia njia nyingine. Zipo tiketi zinazohamishwa bila ada, zipo zinazohamishwa kwa ada, na zipo zisizohamishika kabisa. Abiria wawili waliokaa bega kwa bega katika ndege ya Nairobi kwenda Dubai huenda wamelipa nauli zinazopishana kwa maelfu ya shilingi, ilhali kiti ni kilekile na chakula ni kilekile. Aliyelipa zaidi mara nyingi amenunua pia nafasi ya kubadili nia.

Nafasi hiyo ina uzito wa pekee kwa anayesafiri kutoka mji wa Sultan Hamud, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Kaunti hiyo na jirani yake Kitui hazina safari za ndege za ratiba, kwa hiyo safari ya angani huanzia barabarani. Uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, kandokando ya barabara ya Mombasa, umbali wa kilomita mia moja hivi kutoka Sultan Hamud kupitia Salama, Malili, Kyumvi, Athi River na Mlolongo. Barabara hiyo ndiyo inayobeba malori ya mizigo ya bandari ya Mombasa. Lori moja likianguka mahali pembamba, foleni huweza kula saa nyingi, na ndege haimngojei abiria aliyekwama. Msafiri wa Sultan Hamud anaweza kuhitaji tiketi inayobadilika hata kama hana mpango wowote wa kuahirisha safari.

Nauli nyingi katika ndege moja

Utaratibu wa kuuza kiti kimoja kwa bei nyingi ulistawi Marekani. Mwaka 1977 shirika la American Airlines lilianzisha nauli za bei nafuu zilizoitwa Super Saver, ambazo zilimtaka abiria anunue mapema na akubali masharti kuhusu siku za safari. Mwaka uliofuata sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli ilipitishwa nchini humo, na mashirika yakapata uhuru wa kupanga bei yapendavyo. Yalitambua kwamba abiria ni wa aina mbili. Mfanyabiashara hujua tarehe yake dakika za mwisho na yuko tayari kulipa, lakini anayekwenda kutembelea ndugu hupanga mapema na hutafuta bei ya chini. Masharti ya kubadili ndiyo ukuta uliowatenganisha, kwa sababu bila masharti hayo kila mtu angenunua tiketi ya bei ya chini kisha aibadilishe atakavyo.

Mpango huo ulienea duniani. Katika daraja la kawaida la ndege moja huweza kuwa na zaidi ya nauli kumi, kila moja ikiwa na herufi yake katika mitambo ya mauzo. Herufi Y kwa kawaida ni nauli kamili yenye uhuru mwingi, na herufi nyingine ni za nauli zilizopunguzwa. Siku hizi mashirika mengi hukusanya herufi hizo katika makundi machache yenye majina ya kuvutia. Emirates, kwa mfano, hutumia majina Special, Saver, Flex na Flex Plus, na kadiri kundi linavyopanda ndivyo masharti yanavyolegea.

Ada hizo zikawa chanzo kikubwa cha mapato. Mwaka 2019 mashirika ya Marekani yalikusanya takriban dola bilioni 2.8 kutokana na kubadili na kufuta tiketi. Korona ilipokatiza safari, abiria wakaogopa kununua mapema, na Agosti 2020 shirika la United lilitangaza kuondoa ada ya kubadili kwa tiketi zake nyingi za ndani ya Marekani, na mashirika ya Delta na American yakafuata haraka. Hata hivyo, nauli za chini kabisa kwa kawaida ziliachwa nje ya nafuu hiyo.

Ada na tofauti ya nauli

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kubadili tiketi huweza kudai malipo mawili. La kwanza ni ada yenyewe. La pili ni tofauti ya nauli: ikiwa viti vya bei ya zamani vimekwisha katika ndege mpya, abiria hulipa pengo hadi bei iliyopo siku anapobadili. Tiketi inayotangazwa kuwa haina ada ya kubadili humwondolea malipo ya kwanza tu.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme tiketi ya kwenda Dubai na kurudi ni shilingi 60,000 na ada ya kubadili ni shilingi 15,000. Tiketi inayobadilika bila ada ni shilingi 66,000. Wiki moja kabla ya safari nauli zote mbili zimepanda kwa shilingi 12,000. Akibadili tarehe, mwenye tiketi ya kwanza atalipa ada na tofauti, jumla 27,000, na safari itamgharimu 87,000. Mwenye tiketi ya pili atalipa 12,000 tu, na safari itamgharimu 78,000. Wasipobadili, wa kwanza atakuwa ameokoa 6,000. Kwa bei hizi, tiketi inayobadilika ina faida ikiwa uwezekano wa kubadili unazidi mara mbili katika tano. Kanuni ni rahisi: gawanya nyongeza ya bei kwa ada inayoepukwa, kisha linganisha jibu na uwezekano wa kubadili tarehe.

Anayesubiri viza, matokeo ya hospitali au barua ya chuo hana uhakika wa tarehe. Anayekwenda harusi iliyokwisha kupangwa anao, na kwake tiketi ya bei ya chini inatosha.

Kutotokea, majina na kodi

Adhabu kali zaidi ni ya abiria asiyetokea bila kutoa taarifa. Mashirika mengi humtoza zaidi ya aliyebadili kabla ya ndege kuondoka, na tiketi nyingine hupoteza thamani yote. Isitoshe, safari za kwenda na kurudi huhesabiwa kuwa tiketi moja: aliyekosa ndege ya kwenda huweza kukuta kiti chake cha kurudi kimefutwa pia. Kwa hiyo aliyekwama Athi River saa chache kabla ya safari hupaswa kulipigia shirika simu au kufungua programu yake akiwa bado barabarani.

Jina nalo halibadilishwi kama tarehe. Kosa dogo la herufi huweza kusahihishwa, lakini kumwachia ndugu tiketi kwa kawaida hakukubaliwi. Jina lifuate paspoti tangu mwanzo.

Hata tiketi isiyorejeshewa nauli huweza kuwa na kodi zinazorejeshwa. Sehemu ya bei ni ushuru wa serikali na wa viwanja vya ndege, kama ada ya huduma ya abiria inayotozwa kwa anayeondokea Kenya. Ikiwa abiria hakuruka, anaweza kuomba sehemu hiyo, ingawa ada ya kushughulikia ombi huweza kuimeza.

Nani ana mamlaka juu ya tiketi

Tiketi iliyonunuliwa kwa wakala kwa kawaida hubadilishwa kupitia wakala huyo, naye huongeza malipo yake juu ya ada ya shirika. Wafanyakazi wengi wanaokwenda Saudi Arabia, Qatar au Falme za Kiarabu hukatiwa tiketi na mwajiri au ofisi ya ajira. Wao hushika karatasi ya safari lakini hawana mamlaka ya kuhamisha tarehe, na hupaswa kuuliza mapema ni nani atakayelipa mambo yakiharibika.

Safari inapobadilishwa na shirika

Masharti haya yote yanahusu abiria anayebadili kwa hiari yake. Shirika likifuta safari, abiria hatarajiwi kulipa ada. Kwa kawaida hupewa ndege nyingine au kurudishiwa pesa. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa, zikarejea tarehe 1 Agosti, na mashirika mengi yaliwapa wateja vocha au tarehe mpya bila ada. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, na Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma wakipinga mpango wa kuipa kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa uwanja wa Jomo Kenyatta, safari za uwanja huo zikavurugika.

Kenya imejiunga na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaolifanya shirika kuwajibika kwa hasara ya ucheleweshaji isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizostahili kuiepuka, au kwamba hazikuwezekana. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hulinda kila abiria anayeondokea nchi za umoja huo, na vilevile anayekwenda huko kwa shirika la nchi ya umoja huo. Anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam kwa KLM ya Uholanzi analindwa nayo, lakini anayekwenda huko kwa Kenya Airways halindwi hadi atakapoanza safari ya kurudi. Kwa safari zinazoingia au kutoka Marekani, anayenunua moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya safari ana saa 24 za kufuta bila adhabu, ikiwa shirika halikumpa nafasi ya kushikilia bei kwa muda huo bila kulipa.

Kabla ya kulipa

Maswali manne hutosha kupima tiketi yoyote: ada ya kubadili ni kiasi gani, asiyetokea hupoteza nini, sehemu gani ya pesa hurejeshwa, na mabadiliko yafanywe saa ngapi kabla ya ndege kuondoka. Majibu yamo katika masharti ya nauli, si katika tangazo. Maandishi NON-REF kwenye tiketi yana maana kwamba nauli hairudishwi.

Kwa msafiri wa Sultan Hamud, kupunguza hatari ya barabara huweza kugharimu kidogo kuliko tiketi inayobadilika. Anaweza kulala Nairobi usiku mmoja kabla ya safari, au kupanda treni ya reli ya kisasa (SGR) ya kati ya kaunti, inayosimama Emali na kuishia Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, mradi saa za treni zipatane na za ndege. Shirika likikiuka masharti liliyoyaandika lenyewe, malalamiko hupelekwa kwalo kwanza kwa maandishi, pamoja na risiti na namba ya tiketi. Yasipojibiwa, hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.