Sinki Linalogugumia: Umuhimu wa Bomba la Hewa katika Mfumo wa Maji Taka

Wapo wenye nyumba wanaomwita fundi bomba mara kwa mara azibue sinki ambalo halijaziba. Maji hupita vizuri, lakini sinki hugugumia kila choo kinapovutwa, na baadaye harufu mbaya huenea bafuni. Aghalabu kasoro hiyo haitokani na uchafu ulionasa, bali na hewa iliyokosa njia.

Chini ya kila sinki, beseni na choo kuna mpindo wa bomba unaobakiza maji, kwa kawaida ya kina cha milimita 50 hadi 75. Maji hayo machache ndiyo yanayotenganisha chumba chako na gesi za maji taka. Maji mengi yanaposhuka kwa kasi katika bomba la wima huburuta hewa. Ikiwa hewa nyingine haina pa kuingilia, mvuto huo hunyonya maji ya mpindo ulio karibu na kuuacha wazi.

Mpindo mkavu si suala la harufu tu. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa SARS, na wachunguzi walitaja mipindo iliyokauka kwenye sakafu za bafu miongoni mwa njia za maambukizi. Huko ilikauka kwa kutotiwa maji, lakini tundu ni lile lile.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuliendeleza bomba la wima hadi juu ya paa, mdomo wake ukiwa wazi, mbali na madirisha, na wenye wavu wa kuzuia mbu. Maghorofa marefu huhitaji pia bomba la pili, la hewa pekee. Fundi anayelikomesha bomba darini ili asitoboe bati hakuokolei fedha. Amezileta gesi ndani ya nyumba.

Ipo pia vali ya kuingiza hewa, ambayo hufunguka wakati wa mvuto kisha hujifunga. Inafaa kwa sinki lililo mbali na bomba kuu. Hata hivyo, haitoi hewa iliyobanwa, hivyo isitegemewe peke yake kwa nyumba nzima. Na isijengewe ukutani, kwa kuwa mpira wake huchakaa.

Kabla ya kulipa fedha za mwisho, agiza vyoo vya juu vivutwe kwa pamoja huku wewe umesimama kando ya sinki la chini. Likigugumia, mtake fundi akuonyeshe bomba la hewa linapotokea.